Kisonono cha Machimbo: Historia ya Dawa Zilizoshindwa

Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, Kongo ikiwa bado mali ya Mfalme Leopold wa Pili, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto, na Bambu, katika vilima vya Djugu, Ituri, kaskazini-magharibi mwa Bunia, ikawa makao ya uongozi wake. Kampuni ilihitaji wafanyakazi kwa maelfu. Machifu walitakiwa kutoa vijana, na vijana hao wakawekwa kambini, wengi wao bila wake, mbali na wazee ambao kwa desturi ndio waliokuwa na neno katika mambo ya ndoa. Penye wanaume wengi wenye mshahara na wasio na familia, biashara ya pombe, chakula na mapenzi haichelewi kufika. Ndivyo ilivyokuwa Kilo, ndivyo ilivyokuwa Johannesburg na katika shaba ya Katanga, wala haikuhitaji tabia mbaya ya kabila lolote. Hata hivyo madaktari wa kikoloni, walipoona usaha na vidonda, walipenda kuandika juu ya maadili ya Mwafrika kuliko kuandika juu ya kambi. Lawama hiyo bado ipo, imebadili mavazi tu. Leo kisonono kinapokataa dawa tunaambiwa kosa ni la mgonjwa: hakumaliza vidonge, alinunua dawa farmasi bila karatasi ya daktari, aliona haya kwenda kituo cha afya. Maelezo hayo ni mepesi mno, na historia ya ugonjwa huu katika ukanda wetu inayakanusha kwa sehemu kubwa.

Tuanze na hasara iliyokuwapo kabla ya dawa. Bakteria wa kisonono, ugonjwa ambao Wakongo wengi huuita sopisi, alitambuliwa na Mjerumani Albert Neisser mwaka 1879. Mwanaume akiambukizwa huona maumivu na usaha upesi, naye hutafuta tiba. Kwa mwanamke ugonjwa mara nyingi hukaa kimya, ukapanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, na habari yake huja miaka mingi baadaye, mtoto asipopatikana. Utafiti mkubwa wa idadi ya watu uliofanywa Kongo ya Kibelgiji kati ya 1955 na 1957, ambao mwanatakwimu Anatole Romaniuk aliuchambua, ulionyesha kwamba katika wilaya kadhaa za Uele na Equateur zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano waliomaliza umri wa kuzaa hakuwa amepata hata mtoto mmoja. Romaniuk alipima sababu mbalimbali zilizotajwa wakati ule, zikiwamo mila za ndoa na hata hali ya nafsi ya watu waliotawaliwa, akafikia kwamba magonjwa ya zinaa, kisonono kikiwa mbele, ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya mzigo. Uele ni jirani ya Ituri, na Moto, nusu ya pili ya jina la kampuni, iko huko huko Uele. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya dawa za kisonono hatuzungumzi juu ya aibu ya wachimbaji wachache. Ni suala la koo zilizokosa watoto.

Dawa za zamani zilikuwa mateso zaidi kuliko tiba: maji ya pamanganeti yaliyosukumwa ndani ya njia ya mkojo, na misombo ya madini ya fedha. Dawa ya kwanza iliyomuua bakteria huyu kweli kweli ilikuwa ya jamii ya salfa, iliyoingia katikati ya miaka ya 1930. Ilishangiliwa, na haikudumu. Kabla Vita vya Pili vya Dunia havijamalizika, madaktari wa majeshi yaliyopigana Afrika Kaskazini na Italia walikuwa wakilalamika kwamba salfa haiwaponyi tena askari wengi. Penisilini ikaokoa hali: mwaka 1943 Mmarekani John Mahoney na wenzake waliponya kwa jumla ya yuniti 160,000 wagonjwa ambao salfa ilikuwa imewashinda. Kiasi hicho kidogo kingependeza kama kingebaki hivyo. Bakteria alibadilika hatua kwa hatua, kila badiliko likimpa uvumilivu kidogo zaidi, nao madaktari wakaongeza kipimo kidogo zaidi, hadi miaka ya 1970 mgonjwa mmoja alidungwa yuniti milioni 4.8, pamoja na dawa nyingine ya kuizuia penisilini isitoke upesi na mkojo. Ni mara thelathini ya kile cha mwanzo.

Hapa ndipo lawama ya vidonge visivyomalizwa inapoanza kuyumba. Tangu mwisho wa miaka ya 1940, penisilini iliyochanganywa na prokaini ilipopatikana, kisonono kimetibiwa kwa kawaida kwa dozi moja, mbele ya muuguzi. Mgonjwa alidungwa sindano akaondoka, hapakuwa na vidonge vya siku ya pili wala ya saba vya kusahau. Na bado penisilini ilikufa mikononi mwa wauguzi hao. Anayetaka kumshitaki mgonjwa wa machimboni Bambu au Mongbwalu kwa uzembe inambidi aeleze kwanza jinsi mtu aliyepewa tiba nzima kwa sindano moja alivyoweza kuiacha nusu.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1976. Mwaka huo, karibu kwa wakati mmoja, Uingereza na Marekani ziligundua kisonono kilichokuwa na kimeng'enya cha kuvunja penisilini, hivyo kuongeza kipimo hakukusaidia tena. Wagonjwa wa Liverpool walihusishwa na Afrika Magharibi, wale wa Marekani na Ufilipino. Jeni ya kimeng'enya hicho haikutoka kwa bakteria wa kisonono mwenyewe. Ilikuja imebebwa kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha mviringo cha jeni ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, na wataalamu wengi wanaamini kwamba mtoaji alikuwa jamaa ya Haemophilus, kundi la bakteria lenye pia yule anayesababisha pangusa, kidonda cha zinaa kilichokuwa kimeenea sana mijini na machimboni Afrika wakati ule. Hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Bakteria wa kisonono hana desturi ya kufunga mlango: hupokea jeni kutoka kwa majirani zake karibu wakati wowote, walio sehemu za siri na walio kooni, ambako jamaa zake wasio na madhara huishi katika vinywa vya watu wengi wenye afya. Kila antibiotiki inayomezwa kwa ajili ya kikohozi, homa au kuhara huwachuja jamaa hao, na kinachobaki kinaweza kurithiwa na kisonono siku wanapokutana. Usugu unaweza basi kuandaliwa ndani ya mtu asiyewahi kuugua sopisi maishani mwake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni kaswende. Ni ugonjwa wa watu wale wale, katika machimbo yale yale, wenye farmasi zile zile na wauguzi wale wale. Umedungwa penisilini kwa miaka zaidi ya 80. Katika miaka ya 1950 kampeni za Shirika la Afya Duniani dhidi ya buba, ambayo bakteria wake ni pacha wa yule wa kaswende, ziliwadunga penisilini mamilioni ya watu katika nchi za joto, mara nyingi sindano moja kwa kila mtu wa kijiji kizima. Kama uzembe wa watu ndio unaozaa usugu, kaswende ingepaswa kuwa sugu siku nyingi. Sivyo. Penisilini ya benzathini bado inaiponya, kwa sababu bakteria wake hukua taratibu mno, hana plasmidi za kupokea, na kuishinda penisilini kungemhitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja. Lakini badilisha dawa, hadithi inageuka. Mwaka 2005 majaribio yaliyofanywa Mbeya, Tanzania, kwa watu 328 yalionyesha kwamba azithromisini ya kumeza mara moja iliponya kaswende sawa na sindano ya penisilini. Ilikuwa habari njema kwa zahanati zisizo na sindano safi wala friji. Walakini mwaka mmoja kabla, Sheila Lukehart na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kaswende sugu kwa azithromisini huko San Francisco, Seattle, Baltimore na Dublin. Dawa hii hushindwa kwa badiliko la herufi moja tu katika jeni moja, na aina sugu ikaenea kiasi kwamba tiba ya Mbeya haikuweza kuwa mwongozo wa dunia. Watu hawakubadilika kati ya dawa moja na nyingine. Kilichobadilika ni umbali ambao bakteria alipaswa kwenda ili aokoke.

Sasa turudi Kongo. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu uchimbaji mdogo wa dhahabu na almasi, na maelfu ya wachimbaji wakaingia katika maeneo ya Kilo-Moto, wakati kampuni, iliyokuwa ya serikali tangu 1966 kwa jina la OKIMO, ilikuwa ikidhoofika pamoja na hospitali zake. Karieri, yaani machimbo hayo madogo, zilizaa vijiji vya mahema, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kuuza ampisilini na tetrasiklini. Kinshasa wakati huo ilikuwa na mradi wa UKIMWI ulioanza mwaka 1984, uliojulikana kama Projet SIDA, na ndani yake kulikuwa na kitu adimu: maabara iliyootesha kisonono kutoka kwa wanawake wa biashara ya ngono na kukipima mbele ya dawa. Marie Laga na wenzake walionyesha kwamba kuwatibu wanawake hao mara kwa mara, pamoja na kondomu, kulienda sambamba na kushuka kwa maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kutoka 11.7 hadi 4.4 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Septemba 1991 askari walipora Kinshasa, wataalamu wa kigeni wakaondolewa, na mradi ukafa. Maabara ya Kigali iliendelea kidogo zaidi. Kazi ya Jozef Bogaerts na wenzake huko, ya kuanzia 1985 hadi 1993, inasomeka leo kama daftari la mazishi: penisilini kwanza, halafu tetrasiklini, iliyopata usugu mkali wa plasmidi mwishoni mwa muongo ule, na thiamfenikoli nayo ikiporomoka. Mwaka 1994 daftari hilo nalo likafungwa kwa sababu ya mauaji ya kimbari, ambayo kila msomaji wa Maziwa Makuu anayajua.

Dawa iliyofuata ilikuwa siprofloksasini. Ilikuwa rahisi kumeza, ikawa rahisi kwa bei, na miongozo ya nchi nyingi ikaikubali. Kati ya 2008 na 2009 watafiti waliochunguza kisonono cha wanawake wa biashara ya ngono Kampala waligundua kwamba takriban asilimia 83 ya sampuli zilikuwa sugu kwake, ilhali ndiyo iliyokuwa dawa ya mwongozo Uganda. Kampala ndiko dhahabu nyingi ya Ituri inakopelekwa, ikipita Mahagi au ng'ambo ya Ziwa Albert mikononi mwa wafanyabiashara wanaolala njiani kama binadamu wengine. Sidhani kuna sababu ya kuamini kwamba bakteria walisimama mpakani kusubiri muhuri. Na siprofloksasini ina ubaya wa ziada: usugu wake haumdhoofishi bakteria, kwa hiyo kuiacha dawa hakumrudishi alivyokuwa. Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007, na usugu haukutoweka.

Msomaji mwenye kumbukumbu atanipinga kwa mfano wa Mwanza, Tanzania. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii sita kati ya 12 walizofuatilia mkoani mle, Heiner Grosskurth na wenzake waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida kwa kufuata dalili tu: anayetoka usaha apewe dawa hizi, mwenye kidonda apewe zile, bila kusubiri kipimo. Maambukizi mapya ya UKIMWI yakawa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii nyingine sita. Mpango wa tiba kwa dalili ndio unaotawala vituo vya afya vya Kongo hadi leo, na pingamizi linasema: kama ulifaa Mwanza bila maabara kwa kila mgonjwa, kwa nini Djugu idai anasa? Nalikubali nusu ya pingamizi hilo. Mchimbaji aliyetembea nusu siku hawezi kuambiwa arudi baada ya siku tatu kupokea jibu, na tiba kwa dalili imeokoa watu wengi. Lakini Mwanza haikuwa bila maabara. Nyuma ya vituo vile kulikuwa na kliniki ya rufaa, na kisonono cha mkoa kilioteshwa na kupimwa ili ijulikane dawa ipi bado inafanya kazi. Tulichonakili sisi ni ile karatasi ya dalili, tukaiacha maabara iliyokuwa ikiilisha karatasi hiyo. Mwongozo usiopimwa huzeeka, na hakuna anayejua siku ulipokufa isipokuwa wagonjwa wanaorudi.

Wengine watasema ninawatetea wauza dawa. Siwatetei. Kidonge kisicho na dawa ya kutosha na dozi iliyogawanywa wachimbaji watatu vinadhuru, navyo vinasaidia aina sugu kuenea. Ninachokataa ni kuwafanya hao kuwa chanzo. Aina ya kwanza ya kisonono iliyopata usugu mkubwa kwa seftriaksoni, dawa ya mwisho tuliyo nayo, haikutoka kwenye kibanda cha karieri. Ilipatikana Kyoto, Japani, mwaka 2009, kooni mwa mwanamke wa biashara ya ngono, katika nchi yenye hospitali bora na madaktari wanaoandika kila kitu. Jeni yake ya usugu ilikuwa mchanganyiko wa vipande, alama ya kurithi kutoka kwa wale jamaa wa kooni. Kwingineko, uchambuzi wa jeni wa sampuli 419 kutoka nchi 58, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa zilizoanza miaka ya 1930 ziliigawanya familia ya kisonono duniani katika matawi mawili makubwa, moja lenye usugu mwingi na lingine lenye mdogo. Nguvu iliyofanya hivyo ni jumla ya dawa ambazo binadamu wote wamemeza kwa karibu miaka 90, na mchimbaji wa Bambu ni tone katika jumla hiyo. Tofauti yake na mgonjwa wa Kyoto ni kwamba wa Kyoto alipimwa.

Lipo pingamizi la fedha na vita, na ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Ituri imepita vita vya 1999 hadi 2003, na tangu mwisho wa 2017 Djugu imeungua tena. Bambu yenyewe imeshambuliwa na wapiganaji wa CODECO. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilifika Ituri. Je, katika hali hii tuhesabu bakteria wa usaha? Ni kweli kwamba bakteria huyu ni dhaifu nje ya mwili: hufa akikauka, hufa akipoa, na sampuli iliyofungwa kwenye pikipiki siku nzima haifai kitu. Hata hivyo vifaa vyake si vya miujiza. Huhitaji bamba la chakula chenye damu iliyopashwa moto, joto la mwili, na hewa yenye kaboni dioksidi, ambayo maabara nyingi huipata kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa. Pia vita vinaongeza haja, havipunguzi. Wanawake waliobakwa katika mapigano ya Ituri, na hospitali ya Bon Marché ya Bunia iliwapokea kwa maelfu baada ya 2003, hupewa dawa ya kuzuia magonjwa ya zinaa bila kusubiri dalili. Dawa hiyo ikiwa imekufa, mwanamke ametendewa ukatili, kisha akapewa faraja ya uongo. Mashine za GeneXpert zinazotafuta kifua kikuu zinaweza kutafuta pia kisonono na klamidia kwa katriji nyingine. Hazionyeshi usugu, ila zinaonyesha ni nani wa kuchukuliwa sampuli ya kuotesha.

Wanaosubiri dawa mpya wana sababu ya kutumaini. Zoliflodasini, unga wa kunywa mara moja, ilijaribiwa kwa watu 930 katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwamo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba haishindwi na tiba iliyopo. Ila tazama seftriaksoni inavyokwenda sasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ulitaka miligramu 250 pamoja na azithromisini; mwaka 2024 shirika lilipendekeza gramu 1. Ni mara nne kwa miaka minane, barabara ile ile iliyopitwa na penisilini. Dawa mpya ikiingia machimboni bila kupimwa, itaanza safari hiyo nayo, na sisi tutakuwa wa mwisho kujua imefika wapi.

Kongo imekwisha kuonyesha kwamba inaweza. Taasisi ya INRB ya Kinshasa, pamoja na hospitali za mikoani kama Kisantu, imekuwa ikiotesha damu za wagonjwa wa homa kwa miaka mingi, na kwa kazi hiyo dunia ilijua mwaka 2019 kwamba aina moja ya Salmonella wa Kongo imekuwa sugu kwa dawa nyingi mno. Hakuna aliyesema kwamba Kisantu ni maskini mno kuhesabu. Uganda, upande wa pili wa Ziwa Albert, imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupima usugu wa kisonono. Wakuu wa afya wa mkoa, hospitali kuu ya Bunia na vyuo vikuu vya mji huo waanzishe kituo kimoja tu, Bunia, kitakachopokea wanaume wachache wenye usaha kila mwezi kutoka Bunia yenyewe na kutoka machimbo yaliyo karibu, kuotesha bakteria wao papo hapo, na kuupelekea uongozi wa Kinshasa matokeo kila mwaka. Na wanaochukua ushuru wa dhahabu ya Djugu ndio walipie.